Dawa ya Kufukuza Mbu kwa Mimea: Mwongozo Kamili wa Kuitengeneza na Kuitumia

Mmea wenye harufu kali humfukuza mbu kwa sababu harufu hiyo huinuka kutoka kwenye ngozi na kumkuta hewani kabla hajatua. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya dawa ya mimea iishe upesi, maana kinachopeperuka hakibaki. Makosa mengi ya watu wanaojitengenezea dawa hii yanatokana na kusahau jambo hilo. Wanachemsha majani katika sufuria iliyo wazi, wanatia matone mawili ya mafuta kwenye chupa nzima ya maji, au wanapaka mara moja jioni wakitegemea kinga hadi alfajiri. Ukitaka dawa ifanye kazi, shughulikia mambo matatu: mmea unaofaa, kipimo kinachotosha bila kuunguza ngozi, na kupaka upya kwa kufuata saa.

Tuseme wazi mapema: palipo na malaria, dengi au ugonjwa mwingine wa mbu, dawa ya kutengeneza nyumbani ni nyongeza tu. Mbu wa malaria, Anopheles, huuma zaidi usiku, na hapo kinga kuu ni chandarua chenye dawa. Aedes, mbu wa dengi, huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Kwa saa hizo, nguo ndefu na dawa ya dukani ya kupaka yenye kiambato cha DEET, ikaridini au PMD hukinga kwa muda mrefu kuliko chochote utakachopika jikoni.

Mmea upi uchague

Kama utapata mmea mmoja tu, utafute mkaratusi-limau, ule mkaratusi ambao jani lake likifikichwa hunukia limau. Mkaratusi wa kawaida, unaonukia kama dawa ya mafua, si badala yake, kwani mafuta yake yana sineoli, kiambato cha harufu hiyo, kwa wingi na kwa mbu ni dhaifu zaidi. Majani ya mkaratusi-limau yamejaa sitronelali, kiambato cha harufu yake ya limau, na kilo 1 ya majani mabichi inaweza kutoa gramu 10 hivi za mafuta.

Mkaratusi huu huwachanganya watu wengi. PMD, dawa inayopendekezwa na mamlaka za afya, inatokana na mkaratusi-limau, lakini hupatikana baada ya kuigeuza sitronelali kwa asidi. PMD hupeperuka polepole, ndiyo maana dawa ya kiwandani iliyoitumia inaweza kukinga kwa saa nyingi. Mafuta yanayotoka moja kwa moja kwenye jani yana PMD kidogo sana na hukinga kwa muda mfupi. Ukinunua chupa yenye picha ya jani la mkaratusi, soma lebo: isipotaja PMD na asilimia yake, hayo ni mafuta ya kunukia tu.

Sitronela na mchaichai ni nyasi za ukoo mmoja, nazo hufanana kwa macho. Shina la sitronela huwa na wekundu karibu na ardhi na harufu yake ni nzito. Mchaichai una shina la kijani hafifu au jeupe na harufu tamu ya chai. Vyote viwili humfukuza mbu, ila mchaichai umejaa sitrali, ambayo huwasha na inaweza kuizoesha ngozi mzio. Kwa hiyo mafuta ya mchaichai yasizidi asilimia 0.7 ya mchanganyiko unaobaki kwenye ngozi, yaani mililita 0.7 katika kila mililita 100. Sitronela inavumilika kwa kipimo kikubwa zaidi, hivyo ndiyo msingi mzuri wa dawa ya kupaka.

Karafuu ina yujenoli, inayopeperuka polepole kuliko harufu za majani, na inaongeza muda wa kinga. Lakini huunguza: mafuta yake yasizidi asilimia 0.5 kwenye ngozi. Anayepaka mafuta ya karafuu yasiyochanganywa hupata malengelenge, na asidhani ni mbu waliomletea.

Mwarobaini una tabia tofauti. Mafuta ya mbegu zake ni mazito, hayapeperuki kama ya majani yenye harufu, na hunuka kitunguu saumu kilichooza. Asilimia 2 ndani ya mafuta ya nazi inatosha. Yaweke mbali kabisa na watoto, kwani kuyanywa kumewahi kusababisha degedege na hata vifo vya watoto wadogo.

Kivumbasi na mrehani hupandwa kwenye vyungu karibu na dirisha. Jani lililotulia hufungia mafuta yake ndani ya vifuko vidogo. Harufu inatoka kwa wingi jani linapofikichwa au kupashwa moto. Usitegemee chungu kukulinda. Maganda ya limau na ndimu yana tatizo jingine: mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda yakipigwa na jua ngozini huacha michomo na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Kwa dawa ya mchana yaache kabisa. Pareto nayo huua wadudu, kwa hiyo si dawa ya kupaka mwilini.

Kwa nini majani ya kuchemsha hayafui dafu

Fanya hesabu. Mchaichai mkavu una mafuta ya harufu yapata asilimia 1 ya uzito wake. Ukiloweka gramu 100 za majani makavu ndani ya mililita 500 za mafuta ya nazi na ukafanikiwa kutoa kila kilichomo, utapata gramu 1 katika mililita 500, yaani asilimia 0.2. Dawa ya kupaka inahitaji takriban asilimia 5. Umepungukiwa mara 25. Ukiyachemsha kwa maji hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu mafuta hayayeyuki kwenye maji na huondoka na mvuke. Jiko zima litanukia vizuri, na kwenye sufuria yatabaki maji ya rangi.

Kwa hiyo kuloweka majani kwenye mafuta kuna faida moja tu: hukupa mafuta ya msingi yenye harufu kidogo, ambayo utayaongezea nguvu kwa mafuta ya harufu yaliyokenekwa. Kukeneka ni kuupitisha mvuke kwenye majani, kisha kuupoza ugeuke maji na mafuta.

Kukeneka nyumbani

Unahitaji sufuria ya chuma kisichoshika kutu ya lita 8 hadi 10, yenye mfuniko ulioinuka katikati. Utahitaji pia kigoda cha chuma au matofali mawili safi, wavu wa chuma, bakuli linalostahimili joto, barafu, na unga wa ngano wa kuzibia.

Vuna majani yaliyokomaa asubuhi, umande ukishakauka. Majani yaliyonyeshewa na mvua siku hiyo hutoa mafuta kidogo, na yaliyoanikwa juani huwa yamepoteza sehemu ya harufu. Yaache kivulini yanyauke kwa saa 12 hadi 24, kisha yakate vipande vya sentimita 2 au 3. Kilo 1 inatosha sufuria ya ukubwa huu.

Weka kigoda chini ya sufuria na utie maji lita 2, yasifike juu ya kigoda. Tandaza wavu juu yake, weka bakuli katikati, na upange majani kulizunguka bila kuyashindilia, maana mvuke lazima upite kati yake. Geuza mfuniko juu chini ili kitovu chake kielekee kwenye bakuli. Ziba ukingo kwa donge la unga na maji, kisha jaza barafu juu ya mfuniko. Mvuke ukigusa ubaridi utageuka matone, matone yatateremka hadi kwenye kitovu na kudondokea bakulini.

Moto uwe mdogo, maji yachemke taratibu tu. Baada ya dakika 60 hadi 90 utakuwa na mililita 300 au 400. Ongeza barafu kila ile ya awali inapoyeyuka, na uondoe maji yake kwa kikombe bila kuinua mfuniko. Usikeneke ndani ya chumba kilichofungwa: harufu iliyokolea huumiza kichwa, na mvuke wa mafuta karibu na moto ni hatari.

Mimina ulichopata kwenye chupa nyembamba ya kioo na uiache mahali baridi usiku kucha. Mafuta yataelea kama utando wa manjano hafifu. Yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ukikeneka karafuu tazama chini, si juu, kwani mafuta yake ni mazito kuliko maji nayo huzama. Wengi hudhani wameshindwa, wakamwaga bidhaa yote.

Jiandae kwa kiasi kidogo. Kilo 1 ya mchaichai mbichi hutoa gramu 2 hadi 5 tu. Maji yaliyobaki yenye harufu usiyatupe. Yanafaa kupulizia mapazia na shuka, lakini peke yake hayamzuii mbu kwa muda wa maana.

Usipopata mafuta kabisa, angalia kwanza ukingo wa sufuria, maana mvuke unaovuja unaondoka nayo. Kisha angalia moto: ukiwa mkali, mvuke hupita haraka kuliko mfuniko unavyoweza kuupoza. Harufu ya kuungua ina maana maji yalikauka chini, na hapo mafuta yameharibika.

Kuloweka majani na karafuu

Kwa mafuta ya msingi, chukua gramu 100 za majani yaliyokaushwa kivulini hadi yavunjike kwa vidole. Majani mabichi yana maji, na maji ndani ya mafuta huleta ukungu na uvundo. Yaponde, yafunike kwa mililita 500 za mafuta ya nazi, na uweke chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto wa nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi kwa saa 3, kikiwa kimefunikwa. Maji yasichemke. Chuja kwa kitambaa, acha mafuta yatulie usiku mzima mahali penye joto la kutosha yasigande, kisha mimina ya juu taratibu na uache tope na maji chini.

Kwa dawa ya kupulizia, karafuu haina haja ya kukenekwa. Saga gramu 20, zitie kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 95, funika, na utikise kila siku kwa wiki 1. Chuja. Kwa kuwa karafuu nzuri ina mafuta yapata asilimia 15, kimiminika hicho kitakuwa na mafuta kama asilimia 3. Hakipakwi hivyo hivyo. Mililita 15 zake ndani ya mililita 100 za dawa hukupa chini kidogo ya asilimia 0.5, palepale panapotakiwa.

Kuhusu spiriti, usitumie ile ya buluu au zambarau ya kuwashia majiko. Huwa na methanoli, nayo hupenya ngozi na ni sumu. Tumia ethanoli au spiriti ya kusafishia ngozi inayouzwa famasi.

Michanganyiko mitatu

Pima kwa bomba la sindano la mililita 5, si kwa matone. Tone la sitronela halilingani na tone la karafuu, na kila kidondoshi kina tundu lake.

*Mafuta ya kupaka, mililita 100.* Mafuta ya nazi mililita 95, sitronela mililita 3, mkaratusi-limau mililita 1.5, mafuta ya karafuu mililita 0.5. Changanya mafuta yote ya harufu kwanza, kisha yatie kwenye ya nazi yaliyoyeyuka. Kipimo hiki cha asilimia 5 ni cha mtu mzima, kwa mikono na miguu. Mafuta mazito hayabebi harufu tu, bali yenyewe huchangia kinga. Katika utafiti wa Mark Fradin na Jonathan Day uliochapishwa mwaka 2002, dawa yenye mafuta ya soya asilimia 2 ilikinga kwa wastani wa dakika 94.6, wakati dawa za sitronela zilizojaribiwa zilikinga kwa chini ya dakika 20. DEET ya asilimia 23.8 ilifika dakika 301.5. Anayetengeneza dawa ya sitronela ya majimaji tu ajue anaanzia wapi.

*Malhamu.* Hii ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote kwa sababu nta huchelewesha upepeaji. Yeyusha gramu 20 za nta ya nyuki pamoja na mililita 75 za mafuta ya nazi kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto. Nta huyeyuka karibu na nyuzi 63, basi usipitishe sana joto hilo. Epua, subiri hadi ukingo uanze kuwa mweupe, karibu nyuzi 50, ndipo utie mililita 5 za mafuta ya harufu kwa uwiano ule ule wa hapo juu. Ukiyatia mapema, sehemu kubwa itapaa mbele ya macho yako. Ukichelewa, nta itaganda vidonge vidonge. Rudisha kwenye maji ya moto kwa dakika moja. Malhamu ikiwa laini mno kwa joto la mahali ulipo, ongeza nta gramu 5.

*Dawa ya kupulizia, mililita 100.* Ethanoli ya asilimia 95 mililita 75, sitronela mililita 3.5, mkaratusi-limau mililita 1.5, unga wa vanilini gramu 5, glisirini mililita 5, na maji yaliyokenekwa kujazia. Vanilini hupunguza kasi ya upepeaji wa sitronela na huongeza muda wake kwa kiasi kinachoonekana. Vanila ya maji ya kupikia haifai, kwani vanilini yake ni chembe tu. Yeyusha vanilini na mafuta kwenye ethanoli hadi pasibaki chembe, tia glisirini, kisha maji kidogo kidogo. Mchanganyiko ukigeuka kama maziwa, maji yamezidi. Ongeza ethanoli mililita 5. Ukitaka karafuu humu, mililita 15 za ile uliyoloweka zichukue nafasi ya mililita 15 za ethanoli.

Mafuta ya harufu hayachanganyiki na maji matupu hata ukitikisa vipi. Huelea, na bomba la chupa hunyonya chini. Siku nyingi utapuliza maji, kisha siku ya mwisho utajipulizia mafuta yasiyochanganywa. Ngozi nyingi zimeungua hivyo.

Kujaribu na kupaka

Kabla ya kutumia dawa mpya, paka kiasi cha punje ya mahindi upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, usipaoshe kwa saa 24. Wekundu, muwasho au vipele vikitokea, dawa hiyo si yako, hata kama jirani anaitumia bila shida.

Mbu anapita katikati ya nafasi zilizoachwa bila dawa, kwa hiyo kupaka nukta shingoni na kwenye viganja hakusaidii. Sambaza utando mwembamba kwenye ngozi yote iliyo wazi. Anzia miguuni: mtu akiwa ameketi, mbu wengi huelekea kwenye vifundo na nyayo. Nusu kijiko cha chai inatosha miguu miwili kuanzia magotini kwenda chini. Usoni, tia kwanza kiganjani, kisha paka mbali na macho na midomo. Usipake chini ya nguo wala kwenye kidonda. Kama unatumia kinga ya jua, itangulie, ikauke, ndipo dawa ya mbu ifuate.

Mafuta ya kupaka na ya kupulizia yarudie kila dakika 45 hadi 60, malhamu kila saa moja na nusu. Ukitoa jasho jingi au ukinawa, rudia papo hapo. Kutosikia harufu si kipimo, kwa sababu pua huizoea ndani ya dakika chache. Weka kengele ya simu. Na usijigeuze chambo ili kupima dawa yako mahali penye malaria. Mbu mmoja anatosha.

Nguo hushika harufu kwa muda mrefu kuliko ngozi yenye joto. Puliza pindo za suruali, soksi na mikono ya shati, baada ya kujaribu pembeni kama kitambaa kinaingia doa. Ethanoli hushika moto upesi, basi nguo ikauke kabisa kabla ya kukaribia jiko, mshumaa au sigara.

Kufukiza majani hupunguza mbu chumbani, lakini moshi huo unaingia kwenye mapafu ya walalao humo. Nje, upepo huutawanya pamoja na harufu ya mishumaa ya sitronela, kwa hiyo usiihesabu kuwa kinga.

Watoto, wajawazito na wanyama

Mtoto wa chini ya miezi 2 hapakwi dawa yoyote ya mbu. Chandarua juu ya kitanda na kibebeo kinamtosha. Dawa za mkaratusi-limau na PMD hazitumiki kwa watoto wa chini ya miaka 3, na tunashauri michanganyiko yote hapa iwaepuke pia. Kwa mkubwa zaidi, punguza mafuta ya harufu hadi asilimia 1 au 2, ondoa karafuu na mchaichai, na apakwe na mtu mzima, kamwe si kwenye viganja, maana viganja huishia mdomoni. Usipake kitu chenye mkaratusi au kafuri karibu na pua ya mtoto mchanga, kwani vinaweza kumzuia kupumua. Mjamzito yuko salama zaidi na dawa iliyopimwa na yenye lebo. Paka hawezi kuyavunja mafuta haya vizuri mwilini mwake, naye hujilamba, kwa hiyo asiwe karibu na dawa wala mahali inapopulizwa.

Mtu akimeza mafuta ya harufu, usimtapishe. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kuhifadhi

Tumia chupa za kioo cheusi au cha kahawia, zijazwe hadi karibu na shingo, maana hewa na mwanga huyageuza mafuta kuwa vitu vinavyoleta mzio zaidi kuliko yalipokuwa mapya. Plastiki laini hulainika na kuvuja. Andika jina, kipimo na tarehe. Mafuta ya kupaka na malhamu yatumike ndani ya miezi 6, ya kupulizia ndani ya mwaka, na maji yenye harufu yakae kwenye friji si zaidi ya wiki 2. Harufu ikigeuka ya mafuta yaliyochacha, au kama ya rangi ya kupaka ukuta, tengeneza mengine. Yale ya zamani yamalizie kwenye ndoo ya kufutia sakafu.